Kila Mpira Una Siku Zake: Mwongozo kwa Anayelinda Mgonjwa Mahututi

Ukiwa unalinda mgonjwa mahututi, kila asubuhi daktari anapopita kuona wagonjwa muulize jambo moja kabla ya mengine yote: katika mipira na sindano zilizomo mwilini mwa mgonjwa huyu, ipi imemaliza kazi yake? Swali hili halitaki fedha wala elimu ya uganga. Wengi wetu huuliza dawa gani itaongezwa, serumu ngapi zimebaki, au mashine gani ipo Bukavu ambayo hapa haipo. Hayo nayo yana mahali pake. Lakini maradhi anayoyapata mtu akiwa tayari amelala hospitalini mara nyingi huingia kwa njia ile ile tuliyoifungua ili kumtibu, na njia hiyo isipofungwa kwa wakati wake, mtu aliyeponyoka nimonia au ajali ya pikipiki huweza kuuawa na sindano iliyosahauliwa mkononi. Maneno haya nawaandikia nyinyi akina gardimaladi mnaolala kwenye mikeka kando ya vitanda vya Kasongo, Kabambare, Samba, Kunda, Lusangi na Salamabila. Ushahidi wake ulio wazi zaidi, hata hivyo, unatoka kwenye mashine ambayo jimbo letu zima la Maniema halina.

Mashine hiyo huitwa ekmo. Inafanya kazi ya mapafu, na ikibidi ya moyo pia, kwa mtu ambaye viungo hivyo vimeshindwa kabisa. Damu huvutwa kutoka mshipa mkubwa wa paja au wa shingo kwa mpira unaokaribia unene wa kidole kidogo, hupitishwa kwenye chombo kinachoitia oksijeni na kuiondolea hewa chafu, kisha hurudishwa mwilini. Kwa mtu mzima, lita nne au tano huzunguka hivyo kila dakika, yaani karibu damu yote aliyo nayo. Mtu mzima wa kwanza kuokolewa kwa njia hii alikuwa kijana wa miaka 24 huko California, aliyeumizwa vibaya na ajali mwaka 1971. Timu ya daktari J. Donald Hill ilimweka kwenye mashine kwa saa 75, akapona. Ekmo ina ndugu yake, mashine ya moyo na mapafu ya chumba cha upasuaji, ambayo watu wetu wanaweza kukutana nayo karibu zaidi: iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, iko Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, iko hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya. Kinachozitenganisha zaidi ni muda. Ile ya upasuaji humshika mgonjwa kwa saa chache tu, moyo wake ukiwa umesimamishwa. Ekmo humshika kwa siku nyingi, kwa wiki, pengine kwa zaidi ya mwezi, na mipira yake haitoki muda wote huo. Kwa hiyo ukitaka kujua mpira unamfanya nini mtu kadiri siku zinavyokwenda, hakuna mahali panapoonyesha vizuri kuliko hapo.

Shirika la kimataifa linaloshughulikia tiba hii, ELSO, liliundwa mwaka 1989 na lina daftari la wagonjwa kutoka vituo vingi vya dunia. Watafiti walilichambua daftari hilo kwa miaka ya 1998 hadi 2008, wagonjwa 20,741 wa kila umri, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Kwa jumla, karibu wagonjwa 12 katika kila 100 walipata maambukizi mapya wakiwa kwenye mashine. Kwa watu wazima peke yao walikuwa karibu 21 katika 100. Kisha wakawagawa kwa siku. Waliokaa siku saba au pungufu, walioambukizwa walikuwa kama 6 katika 100. Waliokaa siku 8 hadi 14, kama 16. Waliopita siku 14, wakafika 30. Na hawa ni watu waliolazwa katika hospitali tajiri kuliko zote, zenye maji ya bomba usiku na mchana, glavu bila kuhesabu, muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja. Kama usafi na fedha peke yake vingetosha, nambari hizo zingelala chini hata siku zikiongezeka.

Sababu yake si ya ajabu. Ngozi ndiyo ukuta wetu wa kwanza, na kila kitu kinachoitoboa kinaacha mlango. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi bila kumsumbua mtu hutembea polepole kando ya mpira hadi ndani, wakifika kwenye plastiki hujishikiza na kujifunika utando wa utelezi, na chini ya utando huo dawa huwafikia kwa shida na askari wa mwili vilevile. Ndiyo maana mara nyingi mpira ulioambukizwa hausafishiki kwa dawa. Dawa yake ya kweli ni kuutoa. Wageni waliotajwa mara nyingi katika daftari la ELSO walikuwa bakteria wa kawaida wa ngozi, halafu kuvu wa aina ya kandida, halafu bakteria anayependa maji na majimaji aitwaye psudomona. Hawa wote ni vijidudu vya kila siku, hakuna hata mmoja aliyetoka porini. Tena mashine yenyewe humfichia daktari dalili: damu inapozunguka nje hupashwa joto kwa kiwango kilichowekwa, hivyo mgonjwa anaweza kuwa ameoza ndani na kipimajoto kisionyeshe homa. Shika jambo hili hata kama hujawahi kuiona ekmo. Mzee aliyedhoofika, au mtu mwenye utapiamlo, naye anaweza kukosa homa akiwa na maambukizi makubwa. Akianza kuchanganyikiwa, kupumua mbiombio, mikono kuwa baridi au mkojo kupungua, mwite muuguzi usiku huo huo, hata kama paji la uso halichomi.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema: pengine umegeuza mambo; aliyepata maambukizi ndiye anayekawia kupona, kwa hiyo maambukizi yameleta siku nyingi, wala si siku nyingi zilizoleta maambukizi. Ni pingamizi la haki, na daftari peke yake haliwezi kulijibu, maana linahesabu yaliyotokea bila kujua kipi kilitangulia. Bila shaka yote mawili hutokea. Jibu linapatikana pale watu walipoamua kubadilisha kitu kisha wakatazama kitakachofuata. Katika jimbo la Michigan, Marekani, vyumba 103 vya wagonjwa mahututi vilijaribu mambo matano kwa kila mpira unaowekwa kwenye mshipa mkubwa: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa na mwekaji kwa vitambaa safi, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kukwepa mshipa wa paja inapowezekana, na kutoa mpira usiohitajika tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Maambukizi ya damu kwa kila siku 1,000 za mipira yalishuka kutoka wastani wa 7.7 hadi 1.4 baada ya mwaka na nusu. Wagonjwa walikuwa wa aina ile ile na magonjwa yale yale. Mpira wa mkojo unasema vilevile kwa namna nyepesi zaidi: kila siku unapokaa, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Si kila bakteria aliye kwenye mkojo analeta ugonjwa, ni kweli, lakini mpira uliokwisha kutolewa hauongezi tena siku za hatari.

Sasa turudi kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022: katika wagonjwa 100 wanaolazwa kwa matibabu ya haraka, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha kati na cha chini hupata angalau ambukizo moja la hospitalini, na katika kila kumi walioambukizwa mmoja hufa nalo. Mipira yetu ni michache kuliko ya wenye ekmo. Tuna sindano ya serumu mkononi, mpira wa mkojo, mara nyingine mpira wa puani wa kulishia, mrija wa oksijeni, na mrija wa kutolea usaha au damu baada ya upasuaji. Katika hiyo, serumu ndiyo inayokaa bila sababu mara nyingi zaidi, na hapa lazima niseme wazi kwamba kosa si la wauguzi peke yao. Sisi wenyewe tunaidai. Mgonjwa asiye na chupa inayoning'inia juu ya kichwa chake tunamwona kama hajatibiwa, na jamaa aliyetoka Mwanga au Wamaza kuja kumtazama ataanza kulalamika kwamba mtu wake ametupwa. Lakini serumu nyingi ni maji, chumvi na sukari. Mtu anayeweza kunywa uji na kumeza kidonge, asiyetapika, asiyeharisha kupita kiasi, mara nyingi anaweza kupata hivyo vyote kwa mdomo, na dawa nyingi za sindano zina vidonge vya kuzifuata pindi hali inapotulia. Kwa hiyo siku mgonjwa anapoanza kunywa vizuri, uliza: sindano ya mkononi ibaki ya nini? Jibu likiwa kwamba bado kuna dawa ya sindano jioni, hilo ni jibu. Likiwa kwamba imeachwa tu, hilo nalo ni jibu.

Kwa muda ambao lazima ibaki, kuna mambo ambayo macho yako yanaweza kuyafanya vizuri kuliko ya muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini. Tazama pale sindano inapoingia, asubuhi na jioni, bila kupagusa. Pakiwa pekundu, pakivimba, pakiuma au pakitoa majimaji, au mshipa ukiwa mgumu kama kamba chini ya ngozi, sema hapo hapo. Sindano hiyo imekwisha hata kama iliwekwa jana. Plasta iliyolowa jasho au maji iombewe nyingine. Usiuchomoe mrija wa serumu pale unapoungana na sindano eti ili umvalishe mgonjwa shati. Pitisha kwanza chupa na mrija wake kwenye mkono wa shati, kisha ndipo mkono wa mgonjwa ufuate. Huo muungano, sehemu ndogo isiyozidi ukucha, ni mojawapo ya njia kuu za uchafu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Kwa mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu: ufungwe kwenye chuma cha kitanda. Mgonjwa anapobebwa kwenda kupigwa picha, watu wengi humwekea mfuko tumboni, na mkojo wa tangu asubuhi unarudi ndani. Ukimwaga, mwaga kwa bomba la chini la mfuko, ncha isiguse ndoo, na ndoo hiyo isitumike kwa mgonjwa wa kitanda cha pili kabla ya kuoshwa. Anayepumua kwa shida au kulishwa kwa mpira wa puani, kichwa cha kitanda kiinuliwe, nusu ya kukaa. Kama kitanda hakiinuki, magunia mawili ya nguo chini ya godoro yanatosha. Na kinywa chake kisafishwe kila siku, kwa sababu uchafu wa kinywa ndio unaoteremka mapafuni.

Mikono ndiyo inayobeba karibu yote haya kutoka mtu hadi mtu. Hospitali ya chuo kikuu cha Geneva, chini ya daktari Didier Pittet, ilihimiza watumishi wake watumie dawa ya mikono yenye kileo kati ya 1994 na 1997. Kunawa panapostahili kulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka 16.9 hadi 9.9 katika kila 100. Angalia kwamba hata baada ya kampeni, mara moja katika tatu mtumishi hakunawa. Hii inanipa sababu ya kusema kwamba mikono yako wewe, gardimaladi, ina uzito ule ule: wewe ndiye unayemwogesha, unayemlisha, unayemwaga mkojo, kisha unamsaidia jirani kumgeuza mgonjwa wake. Nawa kabla ya kugusa mpira wowote, nawa ukishamwaga mkojo au kubadilisha nguo iliyochafuka, nawa kabla ya kuhama kutoka kitanda hadi kitanda. Wengi wetu tumezoea udhu tangu utoto, na udhu una hekima moja ya kukopa hapa: maji yanamiminika juu ya mkono na kwenda zake, hayachotwi kwa mkono uliokwisha kuchafuka. Bidoni ya lita 20 yenye kibomba, au birika na mtu wa kukumiminia, ni bora kuliko beseni kubwa la maji ambalo wodi nzima inatumbukiza mikono. Ila udhu peke yake hautoshi, kwa sababu hauna sabuni. Sugua kwa sabuni, katikati ya vidole na chini ya kucha, muda wa kama kuhesabu ishirini na zaidi, kisha miminia.

Atakayesema kwamba hospitali zetu hazina maji ya bomba, kwa hiyo maneno haya ni ya Wazungu, namkumbusha Yambuku. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni kaskazini mwa nchi yetu, kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano na sindano zake kwa kazi ya siku nzima, kliniki, wodi na wazazi pamoja. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu katika maji ya uvuguvugu. Ebola ilipoingia mlango huo, watu 318 waliugua na 280 wakafa, wakiwemo watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo. Ugonjwa ulipungua hospitali ilipofungwa. Hakuna mashine iliyohitajika kuzuia sehemu kubwa ya vifo vile: zilihitajika sindano zilizochemshwa, na kabla ya hapo, sindano chache zaidi, kwa kuwa baadhi ya waliochomwa walikuja na maradhi ambayo kidonge kingetosha. Umaskini hauondoi hoja ya mpira usiohitajika, unaiongezea nguvu. Anayekosa glavu, javeli na maji ana sababu kubwa zaidi ya kutofungua mlango ambao hataweza kuulinda. Sindano atakayochomwa mgonjwa wako itolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Ukinunua mwenyewe farmasi, usiifungue nyumbani. Na javeli ya kufutia kitanda na meza ichanganywe upya kila siku, kwa maji peke yake, maana ikichanganywa na dawa nyingine za usafi huweza kutoa moshi wa sumu, na ikilala hupoteza nguvu.

Kuzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, hakuna atakayeikataza. Lakini adabu ya kuzuru tuliyofundishwa ni kukaa kidogo na kuondoka, na hapo dini na tiba zimekubaliana bila kupangiana. Watu kumi kukaa juu ya kitanda kimoja, kuingia na mtoto mwenye kikohozi, kula wali na sombe kwenye sahani moja na mgonjwa: hayo tuyaache mlangoni. Mgonjwa anayetaka kusali asilazimishwe maji juu ya kidonda au bendeji. Kupangusa juu ya bendeji kunaruhusiwa na wanafikihi, na tayamamu pia ipo kwa asiyeweza maji. Nakuomba tu udongo wa tayamamu usifike pale sindano inapoingia wala kwenye kidonda, kwa kuwa udongo hukaa vijidudu vya pepopunda. Mwite shehe kama familia ina wasiwasi; ataeleza vizuri kuliko mimi.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: kwa nini tusimpe mgonjwa antibayotiki kali mapema, kabla vijidudu havijaingia? Fikra yenyewe ina mantiki, na zipo nyakati ambapo ni sahihi kabisa: dozi moja kabla ya kupasuliwa, kwa mfano kwa mama wa sezeria, inalinda kweli. Lakini dozi ya kabla ya kisu hulinda saa chache za hatari; mpira una hatari kila saa hadi utoke. Hata kwa wagonjwa wa ekmo, ambao wako hatarini kuliko wote, ELSO haishauri antibayotiki za kila siku kwa ajili ya kujikinga tu. Zinaua bakteria wanyonge, zinawaachia nafasi wale wenye nguvu na kuvu kama kandida, na siku maambukizi ya kweli yanapokuja, dawa imekwisha kuzoeleka. Kongo inalijua hili kwa uchungu. Uchunguzi wa damu uliofanywa kwa miaka na taasisi ya INRB ya Kinshasa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp umeonyesha salmonela nyingi zinazoingia kwenye damu ambazo hazisikii tena ampisilini, klorafenikoli wala kotrimoksazoli, dawa ambazo wazazi wetu walipona nazo. Kwa hiyo ukiletewa seftriaksoni kutoka sokoni na mjomba mwenye nia njema, usimchomee mgonjwa kwa siri. Mwonyeshe daktari. Pengine ni kweli anaihitaji. Pengine kinachohitajika ni kuchomoa tu.

Je, ni adabu gardimaladi kumwuliza munganga maswali kama haya? Wengi wananyamaza kwa heshima, wengine kwa kuogopa kwamba mgonjwa wao atapuuzwa. Katika kazi ile ya Michigan, wauguzi walipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua yoyote, kama si jambo la dharura, na madaktari hawakupoteza heshima yao kwa hilo, walipoteza maambukizi. Mtoto aliyelelewa vizuri anajua kuuliza bila kutoa amri. Sema: «Dokta, samahani, mpira wa mkojo wa baba uliwekwa Jumatatu, leo bado una kazi?» Kutaja siku ndiko kunakofanya swali kuwa jepesi kujibiwa, kwa sababu watumishi wanabadilishana zamu na hakuna anayekumbuka tarehe za kila kitanda. Nunua daftari dogo. Andika tarehe kila mpira ulipoingia na upande gani wa mwili, andika tarehe ulipotoka. Muuguzi mwenye busara atakuja kulitazama daftari lako kabla ya kuangalia fishi yake. Kama jibu ni kwamba mpira ubaki, kubali. Mgonjwa ambaye hawezi kukojoa, au ambaye mkojo wake unahesabiwa kila saa, anauhitaji kweli, na kuutoa kwa ubishi wa familia ni kumdhuru.

Hoja ya siku ina upande mwingine, ambao ni kitanda chenyewe. Kasongo si mgeni wa jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa na taasisi ile ya Antwerp pamoja na wizara ya afya, ulijulikana duniani kwa kupanga vituo vya afya karibu na watu ili hospitali ibaki kwa wale wanaoihitaji tu, na kuwarudisha mapema kituoni waliopata nafuu. Watu wanautaja mradi ule kwa chanjo ya surua, ambayo matokeo yake yalichapishwa 1981 katika jarida la Lancet. Mimi nautaja kwa sababu mtu anayefuatiliwa kituoni kwao anaepuka usiku mwingi wa wodi. Leo siku zinaongezeka kwa sababu isiyo ya kitiba: deni. Mgonjwa amepona, karatasi ya kutoka imeandikwa, lakini anabaki wiki nzima kitandani hadi ndugu wauze mbuzi au wachange kwa simu kutoka kwa jamaa wa Salamabila. Wiki hiyo anaishi katikati ya vidonda na vikohozi vya wengine bila kupata tiba yoyote, na mimi naiona kuwa ni hatari inayotengenezwa kwa mkono. Uliza gharama tangu siku ya pili, lipa kidogo kidogo, omba mpango wa malipo kabla ya siku ya kutoka, na kama lazima abaki, omba angalau ahamishwe mbali na wenye vidonda vinavyotoa usaha.

Kutoka hospitali hakufungi hesabu. Kidonda cha upasuaji huhesabiwa kuwa kinaweza kuonyesha maambukizi ya hospitalini hadi siku 30, na zaidi kama chuma au kitu kingine kimeachwa mwilini. Kikifunguka, kikitoa harufu au homa ikirudi, rudi kwanza kituo cha afya cha kwenu na ile karatasi ya kutoka. Waliopasuliwa moyo nje ya nchi wana jambo la pekee. Mwaka 2013 madaktari wa Zurich walianza kueleza maambukizi ya bakteria aitwaye Mycobacterium chimaera, yaliyotoka kwenye matangi ya maji ya chombo kinachopasha na kupoza damu katika mashine ya moyo na mapafu: feni ya chombo ilipuliza mvuke wenye bakteria hadi juu ya kifua kilichofunguliwa. Ni nadra sana, lakini huweza kujitokeza baada ya miezi au hata miaka, kwa homa, jasho la usiku, uchovu na kukonda. Kwa mtu wa Kabambare, dalili hizo zitaitwa kifua kikuu, na bakteria hawa ni wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu ila makohozi yatatoka bila kitu na dawa za kifua kikuu hazitoshi. Kwa hiyo karatasi za upasuaji wa moyo zihifadhiwe kwenye bahasha ya plastiki isiyoingia maji, pamoja na tarehe na jina la hospitali, na zionyeshwe kwa daktari yeyote atakayemwona mgonjwa kwa homa isiyoeleweka, hata kama kovu la kifua limekwisha kupona zamani.